Punda wa Mwandoya na kamati za Bunge la Afrika

*Uamuzi wa kuwalinda punda barani Afrika ulipitia meza nyingi kabla ya kufika kwa marais. Meza ya wabunge haikuwa na kauli ya mwisho, na hapo ndipo swali la kamati linapoanzia.*

Na Mwandishi Maalumu, Mwandoya

Kiangazi kikikaza wilayani Meatu, punda ndiye anayepanga ratiba ya nyumba. Madumu ya lita 20 hufungwa ubavuni mwake, mawili huku na mawili kule, mama au mtoto akafuata nyuma na fimbo, na safari ya kwenda kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto ikaanza kabla ya jua kuchomoza. Msimu wa pamba ukifunguliwa, punda huyohuyo hubeba marobota ya mkulima kutoka shambani hadi kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Siku akiumwa, mzigo wake unahamia kichwani kwa mwanamke.

Mnyama huyu wa Mwandoya, kata iliyo katika jimbo la Kisesa mkoani Simiyu, aliwahi kuwa na bei kubwa zaidi akiwa amekufa. Ngozi ya punda huchemshwa kutoa gundi iitwayo ejiao, inayotumika katika dawa za asili na vipodozi vya China. Punda wa China walipopungua, wanunuzi waligeukia Afrika. Hapa Tanzania machinjio ya punda yalifanya kazi Dodoma na Shinyanga, na Shinyanga ni mkoa ambao Meatu, Maswa na Bariadi zilikuwa sehemu yake hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012.

Hesabu yake haikuhitaji mtaalamu. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hakuna mfugaji anayeweza kuzalisha punda kwa kasi ya kisu cha machinjioni. Wizi wa punda ukaanza kuripotiwa Kenya na Tanzania, na bei ya punda wa kazi ikapanda.

Kenya ilitangaza kuzuia uchinjaji mwezi Februari 2020. Tanzania ikafuata Desemba 2021, wakati Wizara ya Mifugo na Uvuvi ikiwa chini ya Mashimba Ndaki, mbunge wa Maswa Magharibi, jirani kabisa na Meatu. Waziri aliyemtangulia katika wizara hiyo, Luhaga Mpina, alikuwa mbunge wa Kisesa, jimbo lenye Mwandoya ndani yake. Kwa miaka kadhaa, basi, suala la mifugo nchini lilikuwa mikononi mwa watu waliokulia kwenye vumbi hilihili.

Lakini marufuku ya nchi moja haizuii ngozi kuvuka mpaka usiku. Desemba 2022 wataalamu na viongozi kutoka nchi mbalimbali walikutana Dar es Salaam, katika mkutano ulioandaliwa na ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia rasilimali za wanyama, yenye makao yake Nairobi. Walipendekeza bara zima lisitishe biashara hiyo. Pendekezo likapita katika kamati ya kitaalamu ya mawaziri wa kilimo, maji na mazingira, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakaridhia marufuku ya biashara ya ngozi za punda.

Ni ushindi kwa kaya za Mwandoya, na unastahili kuitwa hivyo. Ila ukiifuatilia njia yake hatua kwa hatua, unakutana na wataalamu, mawaziri na marais. Wabunge, wale waliochaguliwa na mwenye punda, hawakuwa na hatua ambayo bila wao uamuzi ungekwama. Na Afrika ina Bunge lake, lenye kamati iliyoundwa kwa ajili ya mambo ya aina hiyo.

Kutoka Ukerewe hadi Midrand

Bunge la Afrika lilizinduliwa Addis Ababa tarehe 18 Machi 2004. Rais wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mbunge wa Ukerewe, mwanamke wa Kanda ya Ziwa ambaye miaka tisa kabla alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing. Septemba 2004 Bunge hilo lilihamia Midrand, Afrika Kusini, ambako lipo hadi leo.

Kila nchi mwanachama hupeleka wabunge watano, na angalau mmoja lazima awe mwanamke. Huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, na itifaki inataka uwakilishi wao uonyeshe mitazamo tofauti ya kisiasa iliyomo katika Bunge walikotoka, yaani chama tawala kisijaze viti vyote.

Mikutano ya Bunge zima hufanyika angalau mara mbili kwa mwaka. Fikiria bara lenye nchi 55, lugha nyingi, vita hapa na ukame pale, likijadiliwa na mamia ya watu katika wiki chache. Bila kugawana kazi, kila mmoja angesimama, akasoma hotuba ya dakika tano, akakaa. Ndiyo maana kazi halisi inafanyika mahali pengine, katika vyumba vidogo, vikao vya Bunge zima vikiwa havipo.

Punda mmoja, kamati tatu

Bunge lilianza na kamati za kudumu 10, kisha ikaongezwa ya 11 kwa ajili ya ukaguzi na hesabu za umma. Zimo kamati za fedha, afya na kazi, elimu na utamaduni, uchukuzi na nishati, uhusiano wa kimataifa na utatuzi wa migogoro, sheria na haki za binadamu, na nyinginezo. Kuziorodhesha zote hakumsaidii msomaji. Kufuatilia jambo moja kunamsaidia zaidi.

Chukua ngozi ya punda. Kwa sura yake ni jambo la Kamati ya Uchumi wa Vijijini, Kilimo, Maliasili na Mazingira. Lakini ngozi inasafirishwa, inapita bandarini, ina nyaraka za kughushi, kwa hiyo Kamati ya Biashara, Forodha na Uhamiaji nayo ina neno. Na punda akiisha, anayerudi kubeba dumu ni mama na binti yake, ambaye kesho yake atachelewa shule. Hapo Kamati ya Jinsia, Familia, Vijana na Watu wenye Ulemavu ina haki ya kuuliza.

Utaratibu unaruhusu kamati kukaa pamoja jambo linapogusa zaidi ya moja. Kwa kawaida suala huletwa na uongozi wa Bunge, yaani rais na makamu wake wanne, kila mmoja akitoka katika kanda mojawapo ya kanda tano za bara: Kaskazini, Magharibi, Kati, Mashariki na Kusini. Kamati nayo ina mwenyekiti, makamu mwenyekiti na mwandishi wa taarifa. Kanda ndizo zinazopendekeza nani akae kamati ipi, ili isitokee kamati ya kilimo ikajaa watu wa ukanda mmoja.

Kamati hukutana katikati ya mikutano mikuu. Huita wataalamu, husoma mikataba, na ikibidi hutuma ujumbe kwenda kuona kwa macho. Mwishoni mwa 2004, Bunge likiwa changa kabisa, lilituma ujumbe wake Darfur, Sudan, wakati vijiji vya huko vikichomwa. Mwandishi wa taarifa huandika kilichoonekana na kinachopendekezwa, kamati huijadili rasimu mstari kwa mstari, kisha taarifa hupelekwa mbele ya Bunge zima pamoja na azimio.

Hadi hapo Midrand haina tofauti kubwa na Dodoma. Tofauti inakuja baada ya makofi.

> Itifaki ya mwanzo ililipa Bunge la Afrika mamlaka ya kushauri na kushauriwa tu. Azimio linaondoka Midrand bila mtu anayelazimika kulijibu.

Taarifa ikishasomwa

Watanzania wanajua taarifa ya kamati inaweza kufanya nini. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya wabunge watano, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, kuchunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Taarifa ilisomwa Dodoma mapema Februari 2008. Tarehe 7 mwezi huohuo Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alitangaza kujiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Watu watano walihoji mashahidi, wakasoma nyaraka, wakaandika. Kilichowapa nguvu ni kwamba serikali haiwezi kuendelea na kazi bila Bunge.

Simiyu nayo imetoa wenyeviti wa kamati nzito. John Cheyo, aliyekuwa mbunge wa Bariadi Mashariki kwa tiketi ya UDP, aliwahi kuongoza Kamati ya Hesabu za Serikali. Andrew Chenge wa Bariadi Magharibi aliongoza Kamati ya Bajeti. Wapigakura wa Kisesa wameuona hata upande mwingine wa nguvu hiyo: Juni 2024 Bunge lilimsimamisha mbunge wao, Mpina, asihudhurie vikao 15, baada ya taarifa ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge kufuatia sakata la vibali vya kuagiza sukari. Uwe ulikubaliana na adhabu ile au hukukubaliana nayo, taarifa ya kamati ilisomwa na jimbo likakosa sauti ukumbini.

Ulaya kuna mfano wa mwaka uleule Bunge la Afrika lilipoanza. Oktoba 2004 kamati moja ya Bunge la Ulaya ilimhoji Rocco Buttiglione, Mwitaliano aliyependekezwa kuwa kamishna, ikamkataa. Bunge la Ulaya halina mamlaka ya kumwondoa kamishna mmoja mmoja, lina mamlaka ya kuikataa timu nzima. José Manuel Barroso, aliyekuwa akiingia madarakani kama rais wa Kamisheni, alilazimika kuiondoa orodha yake na kurudi na nyingine.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha, lililozinduliwa Novemba 2001, lina wabunge tisa kutoka kila nchi mwanachama na kamati zake za kudumu. Muswada ukipita pale na wakuu wa nchi wakauridhia, unakuwa sheria ya Jumuiya. Kamati ya Arusha inaporekebisha kifungu, kuna mfanyabiashara mpakani Sirari atakayekiona kifungu hicho.

Midrand, kamati ikifanya kazi nzuri kabisa, kinachotoka ni ushauri. Mkutano wa wakuu wa nchi unaweza kuuchukua au kuuacha, na ukiuacha hakuna kikao ambacho mtu atasimama kueleza kwa nini.

Hili linauma zaidi katika kilimo. Julai 2003, Maputo, serikali za Afrika ziliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Zikarudia ahadi hiyo Malabo, Guinea ya Ikweta, Juni 2014. Januari 2025, Kampala, likatolewa azimio jingine la miaka kumi ijayo. Ahadi tatu, na kamati ya uchumi wa vijijini ipo tangu 2004. Hiyo ndiyo kamati ambayo ingepaswa kumweka waziri wa kila nchi kwenye kiti na kumuuliza asilimia yake ni ngapi. Haina uwezo wa kumwita waziri akaja kwa lazima.

Kwa mkulima wa pamba, swali hilo lina bei yake. Mwaka 2019 bei dira ilitangazwa kuwa Sh1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wa Kanda ya Ziwa wakakaa miezi wakidai fedha za pamba waliyokwisha kuiacha kwenye mizani. Wakati huo wakulima wa pamba wa Ugiriki na Hispania walikuwa wakipata ruzuku ya Umoja wa Ulaya, katika mfumo ambao kamati ya kilimo ya Bunge la Ulaya inashiriki kuuandika. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililipigia kelele suala la ruzuku za pamba katika Shirika la Biashara Duniani tangu 2003. Zilikuwa serikali nne. Sauti ya bara kupitia kamati yake ya Bunge ingekuwa na uzito mwingine.

Kijijini wanaujua utaratibu huu

Mtu akidhani mambo haya ni ya mbali mno kwa Mwandoya, atazame ofisi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, imegawanyika katika kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Kisima kikikauka, suala lina kamati yake. Punda akiibwa, lina kamati yake.

Kamati hizo hazina wataalamu wala posho kubwa, lakini zina kitu ambacho Midrand hakipo. Kila miezi mitatu unatakiwa kuitishwa mkutano mkuu wa kijiji, na pale chini ya mti mzee yeyote anaweza kusimama akauliza michango ya zahanati imekwenda wapi. Mwenyekiti atajibu, akijibu vibaya atazomewa, na uchaguzi ukifika atakumbushwa. Mahali mkutano usipoitishwa, kamati hufa zenyewe. Mwanakijiji wa Meatu anaweza kukueleza hilo vizuri kuliko kitabu cha sayansi ya siasa.

> Punda akiibwa kijijini, kuna kamati ya kuulizwa. Ngozi yake ikivuka mpaka, wa kuulizwa ni nani?

Malabo: kupata meno, kupoteza mguu

Dawa inayopendekezwa tangu mwaka 2014 ni Itifaki ya Malabo. Inalitaja Bunge la Afrika kuwa chombo cha kutunga sheria cha Umoja wa Afrika, japo katika maeneo yatakayoainishwa na wakuu wa nchi, na kwa kuanzia na sheria za mfano ambazo kila nchi ingezichukua na kuzifanya zake. Inaongeza idadi ya wanawake hadi angalau wawili kati ya watano. Ili ianze kutumika inahitaji kuridhiwa na nchi 28. Zaidi ya miaka kumi imepita, idadi hiyo haijatimia.

Wanaoitetea wana hoja ya wazi: huwezi kumpa mtu kazi ya kusimamia ukamnyima mamlaka ya kuuliza. Wanaoipinga wana hoja mbili ambazo nazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni mamlaka ya nchi. Serikali nyingi hazitaki kuona sheria ikitungwa na ukumbi ambao nchi ya watu milioni 60 na kisiwa chenye watu laki chache vina viti vilevile vitano. Ya pili ni mwenendo wa Bunge lenyewe. Mei na Juni 2021, Midrand, wabunge walisukumana na kupigana mbele ya kamera kwa sababu ya uchaguzi wa rais. Kanda ya Kusini ilidai uongozi uzunguke kwa zamu, kwa kuwa haikuwahi kuupata. Wengine wakasema kanuni hazikutamka hivyo. Uchaguzi ulivunjika, na ilichukua mwaka mzima hadi Fortune Charumbira wa Zimbabwe alipochaguliwa Juni 2022. Katika mwaka huo kamati zilipoteza muda ambao hakuna azimio litakaloufidia. Kulikuwa na kamati ya kanuni, haki na nidhamu muda wote huo.

Mimi naona hoja ya vurugu haiwezi kuwa sababu ya kulinyima Bunge mamlaka milele. Watu hugombania sana cheo pale ambapo kazi yenyewe haina matokeo ya kupimwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika Malabo ni kifungu kisichozungumzwa sana. Leo mbunge wa Bunge la Afrika ni mbunge wa Dodoma, Nairobi au Kampala anayesafiri kwenda Midrand. Itifaki mpya inataka mabunge ya nchi yachague watu watano kutoka nje ya wabunge wao, ili wafanye kazi ya bara kwa muda wote. Kwa kamati hiyo ni faida kubwa, kwa sababu mwandishi wa taarifa hatakuwa akikimbilia bajeti ya nchi yake wakati rasimu inasubiri. Lakini mtu huyo hatakuwa na kiti Dodoma. Hataweza kusimama katika Bunge letu akamuuliza waziri wa mifugo azimio la Midrand limefikia wapi. Tutakuwa tumelipa Bunge meno na kulikata mguu mmoja.

Njia iliyopo tayari

Wakati nchi zinasubiriana kuridhia, kuna jambo ambalo halihitaji itifaki mpya. Itifaki inayotumika sasa tayari inalitaka Bunge la Afrika lifanye kazi kwa karibu na mabunge ya nchi na ya kanda. Wabunge watano wa Tanzania wanakaa katika kamati za Midrand na wanakaa pia katika kamati za Dodoma. Taarifa ya Kamati ya Uchumi wa Vijijini ikipita, mjumbe wetu anaweza kuiwasilisha mbele ya kamati ya Bunge inayosimamia kilimo na mifugo, ile yenye uwezo wa kumwita waziri akaja. Ushauri wa Midrand ungeingia kwa mlango wa chombo ambacho serikali inalazimika kukijibu.

Kwa punda, maswali yapo tayari. Marufuku ya Februari 2024 inahitaji kila nchi irekebishe sheria zake, iwafundishe maofisa wa forodha kuitambua ngozi iliyofichwa ndani ya shehena ya ngozi za ng'ombe, na iwape madaktari wa mifugo dawa na muda wa kumtibu mnyama ambaye kwa miaka mingi hakuhesabiwa kama ng'ombe anavyohesabiwa. Kamati ya Midrand inaweza kukusanya majibu ya nchi zote na kuyaweka meza moja, ili Tanzania ijue kama jirani yake anaiacha ngozi ipite. Kazi hiyo Dodoma peke yake haiwezi kuifanya, na mawaziri wakikaa wenyewe kwa wenyewe ni vigumu kusutana.

Bunge jipya linapoanza Dodoma, wabunge huchagua wenzao watano wa kwenda Midrand. Wagombea hujieleza mbele ya wenzao, kura hupigwa, matokeo hutangazwa, na habari huishia kwenye aya mbili za gazeti. Katika maelezo hayo mafupi mbunge wa Kisesa, au wa Bariadi, au wa popote penye punda, ana nafasi ya kusimama na kuuliza mambo mawili: utaomba kukaa kamati ipi, na taarifa zake utazileta hapa lini.